Maji ya Bwawa Yakigeuka Kijani

Mkulima wa Kikoneni, ukiona maji ya bwawa lako yamegeuka kijani na kufanya utando juu, usidhani ni uchafu tu. Huo ni mwani mdogo sana, na baadhi ya aina zake zina sumu iwezayo kuua ng'ombe na mbuzi. Wazuie wanyama wasinywe, na watu wasiyatumie maji hayo. Kuyachemsha hakuondoi sumu.

Mwani huo hulishwa na fosfeti, chakula kile kile unachoyapa mahindi kwa mbolea na samadi. Mvua kubwa huikokota kutoka shambani na zizini mpaka bwawani. Ndivyo ilivyo hata katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria.

Yako madini yanayoshika fosfeti. Udongo mwekundu una rangi hiyo kwa sababu ya kutu ya chuma, na kutu hushika fosfeti kama gundi. Kwa hiyo maji yakipita polepole katika changarawe ya muram kabla ya kuingia bwawani, huacha humo sehemu ya fosfeti. Lakini changarawe ikishiba haishiki tena, yapasa kubadilishwa.

Je, yafaa kumwaga udongo mwekundu bwawani? La. Chini kwenye matope yasiyo na hewa, kutu huyeyuka na kuiachilia fosfeti. Ndiyo sababu wataalamu wa Australia, katika miaka ya 1990, walitengeneza udongo wa mfinyanzi uliotiwa lantanamu, madini yasiyoiachilia hata pasipo hewa. Lantanamu imo pia katika Kilima cha Mrima, jirani yetu. Lakini usiende kuchota udongo huko: Mrima ni msitu wa kaya, na udongo wake una mionzi ya asili.

Kwako wewe, njia iliyo bora ni kuizuia fosfeti isiondoke shambani:

1. Lima kwa kukingama mteremko, na uache ukanda wa majani kati ya shamba na bwawa.

2. Weka samadi mbali na mkondo wa maji. Ukiitia shambani, ifukie.

3. Zungushia bwawa ua, unyweshe wanyama kwenye birika.

Kumbuka, fosfeti inayofika bwawani ni mbolea uliyoinunua kwa fedha yako, ukaulisha mwani badala ya mahindi. Kwa shauri zaidi, mwone Afisa wa Kilimo aliye karibu nawe.