Risasi, ganda, baruti na fataki: Neno moja limemeza mengine

Rais mstaafu Mwai Kibaki alipozikwa nyumbani kwake Othaya, tarehe 30 Aprili 2022, jeshi lilimpigia mizinga 19. Watangazaji walilirudia neno hilo mchana kutwa, na sidhani kuna msikilizaji aliyewaza nyuki. Ilhali ukipanda kidogo kutoka mjini Othaya kuelekea msitu wa Nyandarua, mzinga utakaotajiwa na mfugaji ni ule wa asali. Neno ni lile lile. Gogo lililotobolewa ndani likawa nyumba ya nyuki, chuma kilichotobolewa ndani kikawa silaha. Umbo ndilo linaloelekea kuziunganisha maana hizi mbili. (Mtaani kuna mzinga wa tatu, ule wa chupa, lakini huo tuwaachie wenyewe.)

Sasa tazama kilichotokea neno hili lilipopanda kutoka pwani hadi bara. Wagĩkũyũ walilichukua wakaliita mũcinga, wingi mĩcinga. Sauti /z/ ya Kiswahili haimo katika lugha yao, basi wakaipisha /c/. Kiambishi m- kikapata irabu yake, mũ-. Kwa sauti, utohozi wa kawaida kabisa. Kwa maana, walichagua. Mzinga wa nyuki walikuwa nao tayari, wakiuita mwatũ, na hawakuwa na haja ya kukopa jina. Walichokopa ni silaha peke yake. Na kwa kuwa hawakuona sababu ya kutenga mzinga na bunduki, mũcinga likawa jina la bunduki kwa jumla, hata ile ya kubebwa begani.

Wiki hii nataka tuyafuate maneno ya bunduki, hasa neno risasi. Hoja yangu ni kwamba risasi limemeza maneno mengine matatu, na kwamba shibe hiyo ina gharama mahakamani.

Tuanze na bunduki yenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na wanaisimu huihusisha na bunduq, aina ya kokwa zinazoliwa, jamaa wa njugu zetu. Kutoka kwa kokwa jina likahamia kwa kitufe kidogo kilichorushwa kwa upinde, kisha kwa silaha ya kurushia vitufe kwa moto. Vijana wa Nairobi wanaosema jamaa fulani "alikula njugu", yaani alipigwa risasi, wamelirudisha neno lilikotoka bila kufungua kamusi. Wao hao ndio huita bastola "mguu wa kuku", ambalo kwa maoni yangu ni jina zuri kuliko bastola, tuliyoletewa na Wazungu ikiwa imekamilika.

Baruti pia ni Kiarabu. Risasi ni Kiarabu, rasas, na maana yake ya kwanza ni madini: ile metali nzito, laini, ya kijivu, inayoyeyuka kwa moto mdogo. Maana hiyo ingali hai katika Kiswahili. Fundi wa redio akikwambia anatia risasi kwenye waya, hakutishii maisha. Anaunganisha kwa metali. Maana ya silaha ilizaliwa kwa sababu vitufe vya bunduki vilisubuliwa kwa metali hiyo. Leo askari hutawanya waandamanaji kwa "risasi za mpira", msemo ambao mfua chuma wa zamani angeuona wazimu, maana ni sawa na kusema dhahabu ya mbao.

Katika zama za gobori, mambo yalikuwa wazi. Mwenye gobori hakununua kitu kimoja cha kutia katika silaha. Alikuwa na baruti kwenye kifuko chake. Alikuwa na risasi, moja kubwa, au marisau, yaani vile vidogo vidogo vya kuwindia ndege. Alimimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki. Kama silaha yake ilikuwa ya gumegume, jiwe liligonga chuma likatoa cheche. Kama ilikuwa mpya zaidi, aliweka fataki, kijikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa. Kila mwenye bunduki alikuwa kiwanda kidogo cha silaha, na kila sehemu ya kazi yake ilikuwa na jina lisilochanganyika na jingine. Kushindilia ndilo lililodumu vizuri kuliko yote, ingawa siku hizi tunashindilia matumbo na mabegi.

Halafu katika karne ya 19 likaja ganda la madini. Fataki ikawekwa kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na risasi ikachomekwa mdomoni. Vitu vitatu vikawa kifurushi kimoja kinachotoka kiwandani tayari. Kiswahili kingeweza kukipa kifurushi hicho jina jipya. Hakikufanya hivyo. Kilichukua jina la sehemu moja, ile inayotoka na kuua, kikalipa kifurushi kizima. Wanaisimu huita tendo hili upanuzi wa maana, na si kosa. Lugha zote hufanya hivyo. Tatizo ni kwamba sehemu yenyewe haikupewa jina la badala, kwa hiyo leo risasi ni kifurushi, ni kichwa chake, ni mlio wake, na bado ni metali ya fundi wa redio.

Wakati huo huo, sheria zilikuwa zikienda upande wa pili, zikitenganisha. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotiwa saini na mataifa ya Ulaya na mengine, ulichora ukanda barani Afrika kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, ukapiga marufuku kuingizwa humo kwa bunduki za kisasa pamoja na risasi na baruti zake, isipokuwa kwa masharti makali. Kenya ya leo yote imo ndani ya ukanda huo. Mlango mdogo ulioachwa wazi ulikuwa wa bunduki za gumegume zenye mtutu laini ndani, na baruti hafifu ya biashara. Bunduki yenye mifuo ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi ikaenda mbali bila kuyumba, ilibaki kwa serikali na wachache waliopewa kibali. Mstari kati ya mtutu laini na mtutu wa mifuo ulikuwa mstari wa nani atatawaliwa. Kiswahili hakina hata leo jina moja lililozoeleka la kuutaja mstari huo. Zote kwetu ni bunduki. Kuhusu gumegume, kamusi hukupa na maana ya pili: mtu asiyefaa kitu. Sisemi maana hiyo ilitokana na mkataba. Nasema tu kwamba waliopewa silaha hiyo walijua wamepewa nini.

Nyeri ndiko mahali ambapo tofauti hizi ziligeuka kuwa za kufa na kupona. Mwindaji Jim Corbett, aliyesifika India kwa kuwaua chui-milia waliokula watu, alihamia Nyeri akafariki hapo Aprili 1955. Bunduki yake maarufu ilitengenezwa na mafundi wa Rigby, London, akatunukiwa baada ya kumuua chui-milia wa Champawat mwaka wa 1907. Katika miaka ile ile ya mwisho ya Corbett, ndani ya msitu unaoonekana kutoka mjini, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Nyingine zilikuwa hatari kwa aliyezishika kuliko kwa aliyelengwa. Karari Njama, mwalimu wa shule kutoka Nyeri aliyekuwa karani wa Dedan Kimathi msituni, alisimulia maisha hayo katika kitabu alichokiandika na Donald Barnett, kilichotoka 1966.

Silaha ilipewa jina la siri: gatua-ũhoro. Jina hili linastahili darasa zima. Gũtua ũhoro ni kuamua jambo, kukata shauri. Ka- ni kiambishi cha udogo, lakini mbele ya /t/ kinageuka ga-, kwa kanuni ambayo wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl. Basi gatua-ũhoro ni "kijitu kinachokata shauri". Mkoloni akisikia watu wakiulizana kama kijitu hicho kipo, asingejua wanazungumzia bunduki. Linganisha na mũcinga: lile lilikopwa pwani, hili lilifuliwa msituni, kama kile lilichokitaja.

Kwa hakika tatizo kubwa la msituni lilikuwa kile cha kutia ndani. Bomba la maji hupatikana. Risasi haifuliwi kwa urahisi. Ilibidi iibwe au inunuliwe kwa siri, ikasafirishwa moja moja, mara nyingi na wanawake. Na serikali ilijua hivyo. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, kupatikana na silaha au risasi bila kibali kuliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo, na wengi wao hawakushtakiwa kwa mauaji.

Kimathi mwenyewe ni mmoja wao. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa mjini Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wengi hudhani alishtakiwa kwa uasi au mauaji. La. Mashtaka yalikuwa mawili: kupatikana na bastola, na kupatikana na risasi sita. Silaha peke yake, na chakula chake peke yake. Sheria iliona vitu viwili pale ambapo msimuliaji wa kawaida angesema tu "alipatikana na bastola".

Hapo ndipo neno letu lililoshiba linapoleta shida hadi leo. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inayotumika sasa, bado inatenganisha silaha na risasi, na cheti cha mwenye bunduki hutaja hata kiasi cha risasi anachoruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Lakini hati ya mashtaka huandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa kina cha kutosha, na haki ya mkalimani bila malipo. Chukulia, basi, mzee wa karibu na msitu amesimama kizimbani Othaya kwa sababu katika nyumba yake kulipatikana ganda tupu, kitu alichokiokota shambani akakitundika ukutani. Karani anamsomea: "Ulipatikana na risasi." Mzee anaitikia, ndiyo. Kwani angesemaje? Kwa Kiswahili chake, na kwa cha karani, ile ni risasi. Iwapo ganda tupu linahesabika kisheria kama risasi ni swali la hakimu kulijibu baada ya kusikiliza pande zote, ila mkalimani ameshalijibu kwa neno moja, na mzee ameshakiri.

Magazeti yetu hayana usafi wa kujivunia. Husomi mara moja tu kwamba polisi wamenasa "bunduki bandia", na ukifika aya ya tano unakuta ni bunduki ya kujitengenezea, yenye mtutu wa kweli na inayofyatua kweli. Bandia ni ile isiyoweza kufyatua, kama ya mtoto. Tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya miaka gerezani.

Kwa Kiingereza watu wanaoshiriki mchezo wa shabaha wana jina la kila kipande, kwa sababu vipande hivyo huuzwa kimoja kimoja. Marekani, mpenzi wa shabaha huweza kuyaokota maganda yake, akayajaza upya nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuyauza ndipo sheria ya taifa inamdai leseni. Uingereza, tangu sheria ya 2006, hata fataki za kujazia maganda hununuliwi bila kuonyesha cheti. Huku kwetu wapenzi wa shabaha wapo, wengine hufanyia mazoezi Kirigiti, Kiambu, na kila mmoja yuko chini ya Bodi ya Leseni za Silaha. Wakizungumzia mambo haya huhamia Kiingereza mara moja. Ukiwauliza kwa nini, watasema Kiswahili hakina maneno. Kinayo! Aliyejaza gobori yake miaka 150 iliyopita aliyataja yote.

Pendekezo langu kwa wakalimani na wahariri ni dogo. Kifurushi kizima ambacho hakijafyatuliwa kiitwe risasi nzima. Kinachotoka na kuruka kiitwe kichwa cha risasi. Kinachobaki ni ganda, na kama ni tupu semeni ganda tupu, msione haya kurefusha. Unga ni baruti. Kijikofia ni fataki, ingawa najua Watanzania watacheka, kwa kuwa huko fataki ni baba mzima anayewinda wasichana wa shule. Kazi ya kulirudishia ganda vitu vyake ni kujaza ganda. Kushindilia nisingekuhamisha, kubaki kwa gobori. Watanzania nao, ambao sheria yao ya 2015 huitwa kwa Kiswahili ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, tayari wana "risasi za moto" na "risasi baridi", ile inayotoa mlio bila kutoa kichwa. Hizo mbili tuzichukue kama zilivyo, bila kungoja kamati.