Kabla ya kuaga miwani: Unayopaswa kujua kuhusu upasuaji wa macho kwa leza

UMEVAA miwani tangu ukiwa shule ya msingi. Ukipanda matatu wakati wa mvua, vioo vyake huingia ukungu hata usikione kituo chako. Ukiinamia kikombe cha chai, mambo ni yale yale. Umevunja jozi tatu, umepoteza mbili, na kila mara unarudi kwenye duka la miwani kulipia nyingine. Kisha siku moja mfanyakazi mwenzako anaingia ofisini bila miwani, anasoma kalenda iliyo ukuta wa pili, na kukwambia kwamba alifanyiwa upasuaji kwa leza na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ni rahisi kushikwa na hamu ya kwenda kesho yake. Lakini subiri kidogo, msomaji. Upasuaji huu umewafaa mamilioni ya watu duniani, na hapa Nairobi kuna vituo vinavyoufanya. Hata hivyo, unaondoa sehemu ya jicho ambayo haioti tena. Ndiyo sababu siku iliyo muhimu zaidi si ile ya kulala chini ya mashine bali ile ya kupimwa kabla yake.

Leza hufanya nini?

Sehemu ya mbele ya jicho, iliyo angavu kama kioo cha saa, huitwa konea. Kazi yake ni kupinda mwanga ili picha itue barabara kwenye retina, ule utando ulio nyuma ya jicho. Jicho likiwa refu mno, au konea ikiwa imebinuka kupita kiasi, picha hutua kabla ya kufika kwenye retina, na mtu hawezi kuona vizuri vitu vya mbali. Miwani husahihisha kosa hilo kutoka nje. Leza huchonga konea yenyewe ili iwe na umbo linalofaa.

Ugunduzi wenyewe una kisa chake. Mwaka 1981 wanasayansi wa kampuni ya IBM nchini Marekani waliijaribu leza ya aina hii kwa mabaki ya nyama ya bata mzinga yaliyobaki baada ya sikukuu. Waliona kwamba inakata vizuri bila kuunguza sehemu za kando. Mwaka 1995 serikali ya Marekani iliidhinisha itumike kusahihisha macho.

Leo kuna njia tatu kuu. Katika PRK, ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa kisha leza ikachonga. Jicho huuma kwa siku kadhaa, na huchukua majuma kabla ya kuona vizuri kabisa. Katika LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba kwenye konea, hukifunua kama ukurasa wa kitabu, leza huchonga chini yake, kisha kifuniko hurudishwa bila kushonwa. Wengi huona vizuri kesho yake. Njia ya tatu, SMILE, hutoa kipande kidogo cha konea kupitia tundu jembamba bila kufungua kifuniko.

Huchomwi sindano jichoni. Ganzi huwekwa kwa matone. Unaambiwa utazame taa, na leza yenyewe kwa kawaida haifanyi kazi hata dakika moja kwa kila jicho. Usishangae ukisikia harufu kama ya nywele zinazoungua.

Hesabu ya konea

Konea ya mtu wa kawaida, hapo katikati, ina unene wa nusu milimita hivi, yaani takriban mikroni 540. Katika LASIK kifuniko huchukua mikroni 110 hivi. Nguvu ya miwani hupimwa kwa dayopta, na kila dayopta moja inayosahihishwa hula mikroni 12 hadi 15. Madaktari wengi hukubaliana kwamba chini ya kifuniko lazima zisalie mikroni 250 au zaidi, la sivyo konea itakosa nguvu.

Sasa fikiria mtu ambaye konea yake ni nyembamba, mikroni 470, naye anavaa miwani ya dayopta 10. Toa 110 za kifuniko. Toa 140 za kuchongwa. Zinabaki 220. Mtu huyu hafai kwa LASIK hata akiwa na fedha kiasi gani. Hesabu hiyo hufanywa kwa vipimo, wala hakuna awezaye kuikisia kwa kukutazama tu.

Hatari kubwa zaidi ni konea iliyochongoka. Huu ni ugonjwa ambao konea hudhoofika na kujitokeza kama ncha ya yai. Ukianza, dalili yake yaweza kuwa ni miwani kubadilishwa kila mara tu. Mtu mwenye ugonjwa huo akipigwa leza, konea huzidi kudhoofika, na anaweza kupoteza uwezo wa kuona ambao miwani haitaurudisha. Baadhi yao huishia kuhitaji kupandikizwa konea ya marehemu. Ugonjwa huu huandamana sana na mazoea ya kufikicha macho. Hapa kwetu watoto wengi husumbuliwa na macho yanayowasha kwa sababu ya mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita. Ikiwa ulikuwa mmoja wao, mwambie daktari hata asipokuuliza, na uhakikishe umepimwa kwa mashine inayochora ramani ya konea. Kituo kisichokuwa na mashine hiyo, kipite.

Nani asubiri, nani asifanyiwe?

Aliye chini ya miaka 18 asifanyiwe, kwa kuwa macho yake bado yanabadilika. Hata baada ya umri huo, nguvu ya miwani yako iwe imetulia kwa mwaka mmoja au zaidi. Beba karatasi za vipimo vya zamani.

Mama mjamzito au anayenyonyesha asubiri, maana homoni hubadilisha vipimo. Wenye kisukari kisichodhibitiwa, ugonjwa wa baridi yabisi unaoshambulia viungo, au upungufu wa kinga mwilini wanaweza kupona vibaya. Mwenye macho makavu atibiwe kwanza. Taja pia dawa zote unazotumia, zikiwemo za chunusi.

Ikiwa unavaa lenzi za jichoni, ziache kabla ya kupimwa: zile laini kwa majuma mawili, na ngumu kwa majuma matatu au manne. Lenzi hubadilisha umbo la konea, na vipimo vya uongo huzaa upasuaji wa uongo.

Kisha kuna suala la umri. Chukua mfano wa mwalimu wa miaka 44 anayevaa miwani ya kuona mbali. Akisahihisha madaftari huivua, na husoma bila shida. Akipigwa leza ataona hadi nyuma ya darasa, lakini madaftari yatamshinda, kwani baada ya miaka 40 lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa na leza haizuii hilo. Atakuwa amebadilisha miwani ya mbali kwa miwani ya kusomea. Daktari asiyemweleza hayo hajamtendea haki.

Baada ya upasuaji

Uchunguzi uliofanywa chini ya serikali ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha pande zote mbili. Zaidi ya asilimia 95 ya waliofanyiwa LASIK waliridhika na jinsi wanavyoona. Lakini kati ya wale ambao awali hawakuwa na tatizo kama la kuona miduara ya mwanga kuzunguka taa, zaidi ya 4 katika kila 10 walipata angalau tatizo moja la aina hiyo miezi mitatu baadaye. Karibu 3 katika kila 10 ambao hawakuwa na ukavu wa macho waliupata. Waliotatizika sana katika shughuli zao walikuwa chini ya asilimia moja.

Kwa wengi matatizo hayo hupungua kadiri miezi inavyopita. Lakini ikiwa unaendesha lori usiku kwenye barabara ya Mombasa, miduara hiyo si jambo dogo. Mwambie daktari kazi yako. Mwambie pia kama unacheza raga au ndondi, maana kifuniko cha LASIK chaweza kuhama kwa pigo hata baada ya miaka, na huenda PRK ikakufaa zaidi.

Usifikiche macho. Tumia matone kama ulivyoagizwa, usiogelee kwa majuma kadhaa, na urudi kliniki siku uliyopangiwa. Maumivu makali au macho kufifia ghafla ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na tunza vipimo vyako vya kabla ya upasuaji kama unavyotunza hati ya shamba. Miaka mingi baadaye, ukipata mtoto wa jicho, daktari atavihitaji ili kuchagua lenzi ya kukuwekea. Aidha, konea iliyopunguzwa huweza kufanya kipimo cha presha ya jicho kionekane kuwa chini kuliko ilivyo, na glaukoma ikajificha.

Umwulize nini daktari?

Mwulize unene wa konea yako na kiasi kitakachosalia. Mwulize ni njia gani atatumia na kwa nini, na ni nani hasa atakayefanya upasuaji. Hakikisha ni daktari bingwa wa macho aliyesajiliwa na baraza la madaktari. Mpimaji wa miwani si daktari wa upasuaji. Uliza kama bei iliyotajwa ni ya macho mawili, na kama inajumuisha dawa, kliniki za baadaye na kurudiwa kwa upasuaji ukihitajika. Uliza kampuni yako ya bima kabla ya kuweka tarehe, kwa sababu nyingi huuhesabu upasuaji huu kuwa urembo.

Usikubali kupimwa na kufanyiwa upasuaji siku moja kwa sababu ya bei ya ofa. Majuto ni mjukuu. Na daktari akikwambia hufai, usimwone amekunyima kitu, wala usitafute mwingine atakayekukubalia. Huenda amekuokolea macho. Miwani inayoingia ukungu hufutwa kwa kitambaa, lakini konea iliyoharibika haifutiki.