Je, Wajua? Waliotoka Roma

Mwulize mama wa Kariakoo Legio ni nini, atakwambia ni chama cha walei wanaosali rozari parokiani. Mwulize Mjaluo wa Kisumu, atakutajia kanisa zima.

Je, wajua kwamba vyote viwili vina asili moja? Frank Duff alianzisha Legio ya Maria mjini Dublin mwaka 1921. Dada mlei wa Kiayalandi, Edel Quinn, aliileta Afrika Mashariki mwaka 1936, akazunguka hadi Tanganyika huku akiugua kifua kikuu. Alifariki Nairobi mwaka 1944.

Je, wajua kwamba miaka ya 1962 na 1963 Wajaluo wengi waliuhama Ukatoliki na kumfuata Simeo Ondeto? Kanisa lake, Legio Maria, lilibaki na Kilatini na rozari, likaongeza uponyaji na kutoa pepo, kisha likawa na papa wake na makadinali wake. Limedumu, limevuka hadi Mara, Tanzania.

Aliyelivumisha ni mwanamke kijana, Gaudencia Aoko, aliyefiwa na watoto wawili siku moja. Alihubiri dhidi ya uchawi na kubatiza umati. Baadaye alijitenga na Ondeto, na madhabahu yakabaki ya wanaume. Amesahauliwa mapema mno.

Je, wajua kundi lililotoka Roma likafa vibaya zaidi? Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, la Joseph Kibweteere na Credonia Mwerinde, Uganda. Padri Dominic Kataribabo alikuwamo. Walitabiri mwisho wa dunia Desemba 31, 1999. Siku ikapita. Machi 17, 2000, mamia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada Kanungu, na makaburi ya halaiki yakagunduliwa baadaye kwingineko. Tangu Kibweteere na Mwerinde wakutane, ilikuwa kama miaka 11 tu.

Je, wajua kwamba Askofu Mkuu wa zamani wa Lusaka, Emmanuel Milingo, aliyewekwa wakfu kuwa askofu na Papa Paulo VI mwenyewe Kampala mwaka 1969, alitengwa mwaka 2006 kwa kuwaweka wakfu maaskofu wanne wenye wake?

Na Dar? Panda daladala Kariakoo hadi Ubungo, kwenye kituo cha maombezi cha Padri Felician Nkwera. Maaskofu waliipiga marufuku huduma yake, lakini wafuasi wake husisitiza kuwa ni Wakatoliki. Anayewaita kanisa jipya anawabandika jina wasilolitaka.