Tableti ya kuchorea

Tableti ya kuchorea ni kifaa cha kompyuta kinachomwezesha mtumiaji kuchora, kuandika au kuhariri picha kwa kalamu maalumu badala ya kipanya. Hutumiwa na wapiga picha, wachoraji wa katuni, wabunifu wa matangazo na watengenezaji wa filamu za uhuishaji. Isichanganywe na tableti ya kawaida, yaani kompyuta bapa inayoendeshwa kwa kidole, ingawa baadhi ya hizo nazo hupokea kalamu.

Tableti hizi hutofautiana sana kwa bei, na tarakimu zinazoandikwa kubwa kwenye boksi si lazima ziwe ndizo muhimu kazini. Kwa mhariri wa picha, ukubwa wa eneo la kuchorea na uwiano wake na skrini huwa na uzito kuliko wingi wa ngazi za mgandamizo.

Historia

Mwaka 1888 Mmarekani Elisha Gray alipata hataza ya telautografu, mashine iliyopeleka mwandiko wa mkono mahali pa mbali kwa njia ya nyaya za umeme. Mwaka 1964 taasisi ya RAND ya Marekani ilitoa tableti iliyounganishwa na kompyuta. Chini ya uso wake kulikuwa na wavu wa nyaya nyembamba, na kalamu yake ilitambua ishara za nyaya hizo. Katika miaka ya 1980 zilipatikana tableti za bei nafuu kwa kompyuta za nyumbani, kama vile KoalaPad.

Kampuni ya Wacom ilianzishwa nchini Japani mwaka 1983, na ikajulikana kwa kalamu isiyo na waya. Baadaye makampuni mengine, kwa mfano Huion ya China, yalianza kuuza tableti zinazofanya kazi kwa namna inayofanana.

Namna inavyofanya kazi

Katika tableti nyingi za leo, ubao una koili zinazotoa ishara ya sumakuumeme. Ndani ya kalamu kuna koili na kapasita, ambazo hupokea nguvu hiyo na kuirudisha kwenye ubao. Kwa ishara inayorudi, tableti hutambua mahali kalamu ilipo na jinsi inavyogandamizwa. Ndiyo sababu kalamu ya aina hii haihitaji betri.

Tofauti na kipanya, kila nukta ya ubao inalingana na nukta moja ya skrini. Kalamu ikiwekwa kwenye kona ya juu kushoto ya ubao, kielekezi huenda moja kwa moja kwenye kona hiyo ya skrini.

Aina

* Tableti isiyo na skrini: mtumiaji huchora kwenye ubao huku akitazama skrini ya kompyuta. Ni ya bei ndogo, na mgeni huhitaji siku kadhaa kuizoea. Hupata umeme kutoka kompyuta kwa kebo ya USB, hivyo ikiunganishwa na kompyuta mpakato huendelea kufanya kazi umeme wa nyumba ukikatika.
* Tableti yenye skrini: kalamu huchora juu ya picha yenyewe. Huwafaa zaidi wachoraji. Ni ghali, na nyingi huhitaji umeme wa ukutani. Mhariri wa picha huhitaji pia kuhakikisha kwamba skrini hiyo inaonyesha rangi kwa usahihi. La sivyo atalazimika kukagua rangi kwenye skrini nyingine.
* Kompyuta bapa yenye kalamu: mfano wake ni iPad, ambayo kalamu yake ya Apple Pencil ilitolewa mwaka 2015. Inajitegemea bila kompyuta, lakini programu zake si zote zinazolingana na zile za kompyuta ya mezani.

Ukubwa wa eneo la kuchorea

Eneo la kuchorea ni sehemu ya ubao inayotambua kalamu, nalo ni dogo kuliko ubao wenyewe. Kwa mfano, Wacom Intuos ndogo (modeli CTL-4100) ina eneo la milimita 152 kwa 95, na ile ya kati (CTL-6100) milimita 216 kwa 135.

Athari ya ukubwa hutegemea skrini. Kwenye skrini yenye upana wa pikseli 1920, mwendo wa milimita moja kwenye tableti ndogo husogeza kielekezi karibu pikseli 13. Kwenye tableti ya kati, karibu pikseli 9. Skrini ikiwa na upana wa pikseli 3840, tableti ndogo husogeza pikseli 25 kwa kila milimita, hivyo mtetemo mdogo wa mkono huonekana kwenye picha. Tableti ndogo inatosha kwa kompyuta mpakato ya kawaida na meza finyu. Kwa skrini kubwa au skrini mbili, ya kati hufaa zaidi.

Uwiano na skrini

Eneo la Intuos ndogo lina uwiano wa 16 kwa 10, wakati skrini nyingi zina uwiano wa 16 kwa 9. Zikilinganishwa zote mbili kikamilifu, duara la milimita 50 lililochorwa kwenye ubao hutokea kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 likiwa na upana wa pikseli 632 na urefu wa 568, yaani umbo la yai. Dawa yake ni kuchagua katika mipangilio ya tableti sehemu ya kulinda uwiano. Hapo karibu milimita 10 za urefu wa ubao hazitatumika, lakini mkono na picha vitakubaliana.

Mgandamizo

Katika uhariri wa picha, mgandamizo wa kalamu hutumika kuongoza ukubwa wa brashi au nguvu yake. Humsaidia mhariri kung'arisha uso uliofunikwa na kivuli, kufuta madoa ya ngozi au kutenga nywele na mandhari ya nyuma bila kuacha mipaka mikali.

Watengenezaji hutangaza ngazi 2048, 4096, 8192 au zaidi. Picha ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi, kwa hiyo nyongeza kutoka 4096 hadi 8192 ni vigumu kuionea faida. Lenye maana zaidi ni kama kalamu inatambua mguso mwepesi na kama mstari unanenepa taratibu bila kuruka. Hayo hujulikana kwa kujaribu, si kwa kusoma boksi.

Programu

Adobe Photoshop, GIMP na Krita zote hutambua mgandamizo wa kalamu. GIMP na Krita ni programu huria zisizo na malipo. Tableti huhitaji pia draiva, yaani programu inayoiunganisha na mfumo endeshi. Ikiwa brashi haibadiliki kwa mgandamizo, mara nyingi tatizo liko kwenye draiva au mipangilio, si kwenye kalamu. Draiva za tableti mbili tofauti zinaweza kugongana, hivyo ile ya zamani huondolewa kwanza.

Baadhi ya tableti hufanya kazi pia na simu za Android, lakini katika modeli kadhaa ni sehemu ndogo tu ya ubao inayotumika.

Kununua tableti iliyotumika

Kabla ya kulipa, mnunuzi hufaa kukagua mambo yafuatayo:

* Kalamu ya asili ipo. Kalamu ya kampuni moja kwa kawaida haifanyi kazi kwenye tableti ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja modeli hutofautiana.
* Mtengenezaji bado anatoa draiva kwa mfumo endeshi wa kompyuta itakayotumika.
* Ncha za akiba zinapatikana, kwani ncha huisha kwa msuguano na ikichongoka hukwaruza ubao.
* Mistari mirefu ikichorwa polepole kutoka kona hadi kona haikatiki wala kutetemeka.
* Tundu la kebo halijalegea.
* Vitufe vinaweza kugeuzwa upande kwa mtumiaji wa mkono wa kushoto.