Asilimia Ishirini ya Kitu Gani?

Katika majilisi ya walimu wengi, mazungumzo ya upangaji uzazi hayachukui muda kabla ya kugeuka mabishano. Wapo wanaoshikilia kwamba mwanamke atumiaye tembe au sindano anajitafutia saratani ya matiti. Wapo pia wanaoapa kwamba huo ni uzushi mtupu. Kwa maoni yangu, kambi zote mbili zimepotoka, na kosa lao ni la hesabu kabla ya kuwa la tiba.

Hatuna budi kuanza na ukweli usiopendeza. Mnamo mwaka wa 1996, jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 54 kutoka nchi 25, uliohusisha wanawake zaidi ya 53,000 waliougua saratani ya matiti. Ilibainika kwamba hatari ya mwanamke anayemeza tembe huzidi ya yule asiyemeza kwa asilimia 24 hivi. Akiacha, hatari hiyo hufifia polepole, na baada ya miaka 10 haionekani tena. Mwaka wa 2005, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziorodhesha tembe zenye homoni za estrojeni na projestojeni miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hivyo, mhudumu wa zahanati anayemwambia mama kwamba dawa hizi hazina neno lolote anamnyima haki yake ya kujua.

Lakini asilimia ishirini ya kitu gani? Swali hili ndilo nisilosikia likiulizwa. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka wa 2017 ulifuatilia wanawake milioni 1.8 kwa takriban miaka 11. Nao pia ulipata ongezeko la asilimia 20 hivi. Tukilihesabu ongezeko hilo kwa vichwa vya watu, tunapata wagonjwa 13 zaidi katika kila wanawake 100,000 wanaotumia homoni kwa mwaka mmoja. Kwa walio chini ya umri wa miaka 35, ni wagonjwa 2 tu. Sababu ni kwamba saratani hii ni adimu miongoni mwa vijana, na sehemu ya tano ya kitu kidogo ni ndogo zaidi. Mwalimu wa hisabati wa kidato cha pili angeweza kulifafanua jambo hili kwa dakika tano ubaoni.

Humu nchini, wanawake wengi hutumia sindano ya miezi mitatu au kipandikizi cha mkononi, njia zenye projestojeni pekee. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kukosekana kwa estrojeni kunaziepusha na lawama. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka wa 2023 uliiondoa dhana hiyo, kwani ongezeko lilikuwa lile lile la asilimia 20 hadi 30. Aidha, ulionyesha kwamba umri una uzito mkubwa. Mama wa miaka 38 ana la kutafakari zaidi kuliko msichana wa miaka 19.

Upo upande mwingine wa mizani. Tembe zenye homoni mbili hupunguza hatari ya saratani ya ovari na ile ya ukuta wa mji wa mimba, na kinga hiyo hudumu miaka mingi baada ya kuziacha. Isitoshe, mimba yenyewe si salama kwetu. Sensa ya mwaka wa 2019 ilikadiria vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Sidai kwamba takwimu hizi zalinganishwa moja kwa moja, maana 13 ni wagonjwa na 355 ni marehemu. Hata hivyo, anayemtisha mwanamke hadi aache sindano bila kumwonyesha njia nyingine hamwondolei hatari. Anambadilishia tu.

Na njia nyingine zipo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti hapaswi kutumia homoni hizi. Aliyegundua uvimbe titini na akapimwe kwanza. Hawa wote, na yeyote mwenye wasiwasi, wana koili ya shaba, ambayo haina homoni hata chembe na hukaa miaka 10. Ajabu ni kwamba katika mabishano yetu yote, sikumbuki mtu aliyeitaja.