X-Trail, RAV4 au Forester: hesabu ya kufanya kabla ya kulipa

Anayetafuta gari la familia Busi, wilayani Kondoa, hutajiwa majina matatu: Nissan X-Trail, Toyota RAV4 na Subaru Forester. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na kwenye lami hiyo yote matatu yanafika Kondoa bila taabu. Kazi huanza ukiiacha: mchanga, makorongo na miinuko, katika wilaya iliyoliwa na mmomonyoko hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) mwaka 1973. Kwa njia za namna hii, cha kuchunguza kwanza ni gia boksi na mfumo wa kupoza. Hivyo vikifa, fundi wa jirani hana msaada, na gari hubebwa hadi Dodoma mjini.

X-Trail

Majina ya matoleo huchanganywa, na hapo ndipo pesa hupotea. T30, la mwaka 2000 hadi 2007, lina gia otomatiki ya kawaida ya hatua nne. Ugonjwa wake maarufu ni sensa za kemshafti na krenki: gari linazima likiwa na joto, likipoa linawaka. Sensa si spea ya kuumiza mfuko. Kinachoumiza ni injini inayokula oili, hivyo pima kiwango chake mapema.

T31, lililolifuata kuanzia 2007, ni zuri zaidi kwa macho, lakini mengi yaliyotoka Japani yana gia ya CVT. Gia hii haina hatua. Mkanda wa chuma huzunguka kati ya puli mbili. Likivuta mchanga au mlima mrefu, mafuta ya gia huchemka na kompyuta hupunguza nguvu ili kuinusuru. Mafuta yakishachoka, mkanda huteleza na gari hutetemeka likianza kuondoka. Inahitaji mafuta yake yenyewe, NS-2. Kuijaza mafuta ya gia ya kawaida ni kuiua.

RAV4

Wengi huikimbilia wakiamini wameikwepa CVT. Sivyo. RAV4 za Japani za toleo lililoanza mwishoni mwa 2005, zenye injini ya lita 2.4, nazo zina CVT. Injini hiyo, 2AZ, inajulikana kwa kula oili, hasa ya miaka ya mwanzo ya toleo hilo. Toleo la kabla yake, la lita 2.0 aina ya D4, hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda: kaboni hujaa kwenye valvu, na pampu ya presha ikichoka gari huwaka kwa shida. Injini zote mbili zina udhaifu wa boliti za silinda hedi kulegea, kulanti ikawa inapungua bila kuonekana inakovujia. Faida ya RAV4 ni kubwa vilevile: spea zimejaa Kariakoo na Ilala, mafundi wanaijua, na siku ya kuiuza haikai.

Forester

Matoleo ya SG na SH, hadi 2012, mengi yana gia otomatiki ya hatua nne na magurudumu yote huvuta muda wote. Kwenye mchanga ni msaada mkubwa. Lakini injini ya EJ20 hutumia taimingi belti, inayobadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu hugonga pistoni na injini imekwisha. Muuzaji asipokuwa na ushahidi wa lini ilibadilishwa, toa gharama ya belti kwenye bei yake. Kagua pia gasketi za silinda hedi, na hakikisha tairi nne zinafanana kipimo na uchakavu, la sivyo mfumo wa kuvuta huumia.

Kuagiza au kununua lililokwisha kuingia

Ushuru wa forodha kwa gari la kuagiza ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1000 hadi cc 2000 na asilimia 10 ikizidi hapo. Gari lililopita miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa uchakavu, kisha VAT ya asilimia 18 hupanda juu ya vyote. TRA ikilithamini gari kwa milioni 10, ushuru wa forodha hulifikisha milioni 12.5. Kwenye kiasi hicho, tofauti ya cc 2000 na cc 2400 ni Sh 625,000, na umri peke yake ni Sh 3,750,000, kabla ya VAT. Anza na kikokotoo cha TRA, ndipo uzungumze na wakala.

Ukinunua hapa nchini, namba isikudanganye. Namba E maana yake gari limesajiliwa karibuni. Linaweza kuwa la 2006. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

Ukaguzi wenyewe

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, rudi kesho. Fungua rejeta: kulanti yenye utando wa mafuta ni dalili ya gasketi iliyokufa. Chomoa stiki ya oili upime kiwango, kisha mtu awashe nawe usimame nyuma: moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Baada ya hapo liendeshe nusu saa, lipande mlima likiwa na abiria, ulisimamishe katikati na kuliondoa tena. CVT mbovu hujificha ikiwa baridi. Ikipata joto hutetemeka, hulia au hukosa nguvu. Malizia kwa mashine ya kusoma kompyuta, na fundi awe wako, asiwe wa dalali.

Linganisha namba ya chesesi na kadi, angalia madeni ya faini za trafiki, kisha iingize namba ya chesesi kwenye tovuti ya mtengenezaji: magari mengi ya Japani ya miaka hiyo yaliitwa kubadilishiwa mifuko ya hewa ya Takata. Kwa gari la kuagiza, dai karatasi ya mnada. Alama R ni gari lililopata ajali likatengenezwa.

Uamuzi

Anayeacha lami kila wiki achukue Forester ya gia nne yenye belti mpya, au X-Trail T30 isiyokula oili. Anayeshinda kwenye lami na kuthamini bei ya kuuzia, RAV4 inamfaa, CVT yake ikishapita mtihani wa mlima. T31 ya bei ya kutupa iache. Na muuzaji anayemkataza fundi wako kuligusa gari, usimlipe hata shilingi ya kishika gari.