Sura Ileile, Hadithi Nyingine: Kuufahamu Mchezo wa Sonic.exe

Mzazi anapoona picha ya Sonic kwenye kompyuta ya mtoto wake, kwa kawaida hana sababu ya kuwa na wasiwasi. Sonic ni kalunguyeye wa rangi ya buluu, mhusika wa mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Sega ya Japani mwaka 1991. Ni mchezo wa kukimbia, kuruka na kukusanya pete, na umechezwa na watoto wa nchi nyingi.

Hata hivyo, tangu mwaka 2011 yupo Sonic mwingine. Sura yake ni karibu ileile, lakini hakutengenezwa na Sega, na michezo yake imejaa giza, damu na vifo. Huyo anaitwa Sonic.exe. Makala haya yanaeleza alikotoka, namna michezo yake ilivyo, na kwa nini wazazi, walezi na wote waliokabidhiwa kompyuta zinazotumiwa na watoto wanapaswa kujua tofauti kati ya wawili hao.

Sonic wa awali

Sega ilimhitaji mhusika wa kushindana na Mario wa kampuni ya Nintendo. Kazi hiyo ilifanywa hasa na watu watatu: Yuji Naka aliyeandika programu, Naoto Ohshima aliyemchora mhusika, na Hirokazu Yasuhara aliyepanga hatua za mchezo. Hatua ya kwanza huitwa Green Hill, nayo ina majani mabichi, maua na maporomoko ya maji. Adui ni Daktari Robotnik, ambaye amewakamata wanyama wadogo na kuwafungia ndani ya mashine. Sonic akiivunja mashine, mnyama hutoka mzima na kwenda zake akirukaruka.

Mchezo huo una kanuni moja ya huruma. Mchezaji akiwa na pete hata moja, akigongwa na adui hafi. Pete hutawanyika, naye hupewa nafasi ya kuziokota tena na kuendelea. Mtoto anayejifunza kucheza hukosea mara nyingi, lakini mchezo humwacha ajaribu tena.

Hadithi iliyozaa michezo hii

Katika intaneti kuna aina ya hadithi fupi za kutisha zinazoitwa kripipasta. Jina hilo limetokana na tabia ya watu kunakili maandishi na kuyabandika mahali pengine, hata hadithi ikasambaa bila kujulikana ilianzia wapi. Nyingi huandikwa kana kwamba mambo yanayosimuliwa yalimpata mwandishi mwenyewe.

Mwaka 2011 mwandishi aliyetumia jina la JC-the-Hyena alitoa hadithi ya Sonic.exe. Kijana aitwaye Tom anapokea diski ya mchezo kutoka kwa rafiki yake, pamoja na barua inayomsihi aiharibu diski hiyo. Tom hasikii, anaiweka kwenye kompyuta. Mwanzo unafanana na mchezo anaoufahamu, kisha mambo yanageuka. Sonic ana macho meusi yenye vidoa vyekundu, na mmoja baada ya mwingine anawawinda wenzake: Tails, mbweha mwenye mikia miwili, Knuckles mwekundu, na hata Robotnik mwenyewe. Kiumbe huyo anafikia hatua ya kujiita Mungu. Maneno hayo yatawakwaza wasomaji wetu, na ni vema mzazi ajue mapema kuwa yamo.

Jina nalo lina maana. Katika kompyuta za Windows, faili linaloishia na herufi ".exe" ni faili la programu, yaani ukilifungua linaanza kufanya kazi. Mwandishi aliliazima jina hilo ili ionekane kama kuna kitu hai ndani ya diski.

Mwaka 2012 mtu mwingine, anayejulikana kwa jina la MY5TCrimson, aliigeuza hadithi hiyo kuwa mchezo halisi wa kompyuta. Mchezaji anaanza na Tails, anafuata Knuckles, kisha Robotnik. Wote watatu wanakamatwa. Hakuna namna ya kushinda. Baada ya hapo mashabiki wengine walitengeneza matoleo yao, kama Sally.exe na The Spirits of Hell. Baadhi ya matoleo ya baadaye yana miisho zaidi ya mmoja, na mchezaji anaweza kuwaokoa wahusika wachache.

Watoto wengine walikutana na Sonic.exe kwa njia ya muziki. Mwaka 2020 ulitoka mchezo wa nyimbo uitwao Friday Night Funkin', na mwaka 2021 mashabiki wakauongezea sehemu inayoitwa Vs. Sonic.exe, ambamo mchezaji hushindana naye kwa kuimba. Hivyo mtoto anaweza kumfahamu kiumbe huyu bila kuisoma hadithi wala kuucheza mchezo wa awali.

Kwa nini inatisha

Ubora wa picha au wa maandishi si jibu, maana vyote viwili ni vya kawaida tu. Hofu inatokana na mambo mawili. Kwanza ni imani iliyoazimwa. Zimwi geni humtisha mtoto kidogo, lakini rafiki aliyebadilika humtisha zaidi. Mtengenezaji hahitaji kujenga upendo wa mtoto kwa Sonic, kwa kuwa Sega ilikwisha kuujenga kwa miaka 20. Pili ni kanuni zilizoondolewa. Uwanja wa Green Hill upo, lakini wanyama wadogo wamelala wamekufa, na ile huruma ya pete haipo tena. Ustadi alioupata mtoto katika mchezo wa kwanza haumsaidii.

Kuna mfano halisi unaoonyesha jinsi hofu inavyozaliwa. Mwaka 1993 Sega ilitoa mchezo uitwao Sonic CD. Watengenezaji walificha ndani yake picha moja, ambayo huonekana tu mchezaji akiingiza namba fulani katika sehemu ya kusikiliza sauti. Picha hiyo ina Sonic wengi wenye sura kama ya binadamu, wakitazama mbele, pamoja na maandishi ya Kijapani. Katika toleo la Marekani picha iliambatana na muziki mzito, na wachezaji wengi waliingiwa na hofu. Kumbe maandishi yale yalikuwa yakisema kwamba furaha haina mwisho, na chini yake limo jina la Sega. Ulikuwa utani wa wafanyakazi. Waliotishika ni wale wasioweza kusoma kilichoandikwa. Mashabiki walikuja kuitumia picha hiyohiyo kumtengenezea Sonic.exe mwenzake katika mchezo wa nyimbo wa mwaka 2021.

Suala la umiliki

Sisi tumezoea hadithi za Sungura na Fisi. Sungura hana mwenyewe. Bibi wa kijiji hiki anamsimulia hivi, wa kijiji kile anamsimulia vingine, na hakuna anayeshtakiwa. Sonic ni mali ya kampuni, lakini mashabiki wanamsimulia kama sisi tunavyomsimulia Sungura.

Kampuni hazilitazami jambo hili kwa namna moja. Mwaka 2016 Nintendo ilidai kuondolewa kwa michezo ya mashabiki 562 kutoka tovuti moja ya michezo, Game Jolt. Sega kwa upande wake imekuwa ikiwavumilia zaidi mashabiki, na imenufaika nao. Christian Whitehead wa Australia alianza kama shabiki aliyejitengenezea programu ya michezo ya Sonic. Sega ikampa kazi ya kuandaa upya Sonic CD mwaka 2011, na mwaka 2017 aliongoza utengenezaji wa Sonic Mania, mchezo rasmi uliopokelewa vizuri sana.

Kwa hiyo si haki kusema kwamba kazi zote za mashabiki ni mbaya. Kijana anayetengeneza mchezo, hata wa kutisha, anajifunza kuchora, kutunga muziki na kuandika programu. Lakini uvumilivu wa kampuni una maana nyingine kwa mzazi: sura ya Sonic peke yake haithibitishi tena kwamba kilichomo kinamfaa mtoto.

Hatari ziko wapi

Hatari ya kwanza ni kukosekana kwa alama ya umri. Michezo inayouzwa rasmi Marekani hupewa alama za umri na chombo kiitwacho ESRB, kilichoanzishwa mwaka 1994, na katika nchi nyingi za Ulaya na PEGI tangu mwaka 2003. Michezo inayotolewa na mashabiki bila malipo kwa kawaida haipitii huko. Hakuna anayemwambia mzazi kuwa ndani mna damu.

Ya pili ni faili lenyewe. Programu iliyopakuliwa kutoka kwa mtu asiyejulikana inaweza kuwa mchezo kweli, na inaweza pia kuwa na virusi vya kompyuta. Herufi za ".exe" ambazo katika hadithi ni kitisho cha kubuni, katika ofisi ni tahadhari ya kweli.

Ya tatu ni mtoto asiyejua kwamba hadithi ni hadithi. Mhusika mwingine wa kripipasta, Slender Man, alibuniwa mwaka 2009 na Eric Knudsen. Mwezi Mei 2014, katika mji wa Waukesha, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, wasichana wawili wa miaka 12 walimchoma mwenzao kisu mara 19 wakitaka kumridhisha Slender Man, ambaye waliamini kuwa yupo. Kwa neema msichana huyo alipona. Mahakama ilikubali kwamba wale wawili walikuwa na maradhi ya akili wakati wa tukio, na walipelekwa kwenye hospitali ya magonjwa hayo. Hivyo haitakuwa sahihi kusema hadithi peke yake ndiyo iliyosababisha. Linalobaki ni kwamba watoto wale walibeba imani hiyo kwa muda mrefu, na watu wazima waliokuwa karibu nao hawakutambua uzito wake.

Mambo ya kuzingatia

1. Muulize mtoto jina kamili la mchezo, na aliyeutengeneza. Kuona picha ya mhusika hakutoshi.

2. Kaa naye mpaka mchezo upite mwanzo wake. Sonic.exe huanza kama mchezo wa kawaida, na anayechungulia dakika moja hataona lolote.

3. Katika kompyuta inayotumiwa na wengi, awepo mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuweka programu mpya.

4. Mtoto akiogopa au akikosa usingizi, usimcheke wala usianze na adhabu. Mweleze nani aliitunga hadithi, mwaka gani, na hila inavyofanya kazi. Yale maandishi ya Sonic CD yakitafsiriwa, huonekana kuwa hayana la kuogofya.

5. Mtoto akisema kwamba mhusika wa hadithi anamwagiza kufanya jambo, hilo si la kuachiwa muda. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya bila kuchelewa.

Kupiga marufuku peke yake hakutatosha, kwa sababu michezo hii haina mwenye kampuni anayeweza kuifunga, na toleo moja likiondolewa jingine hutengenezwa. Kinga iliyo karibu zaidi ni mtu mzima anayejua mtoto anacheza nini, ambaye mtoto haogopi kumwambia kilichomtisha.